MOTO WA NYUMBA HUPITA NJIA YA PANYA

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wa Kaisho, Wilaya ya Kyerwa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Ndugu zangu wanakisomo, leo tutaweka hesabu pembeni. Leo tuzungumze juu ya moto.

Najua wengine mtasema moyoni, "Huyu mwalimu vipi? Moto si tunaujua? Tumezaliwa tukaukuta, tunaupikia ndizi kila siku." Ni kweli. Lakini moto wa jikoni na moto wa nyumba ni mambo mawili. Moto wa jikoni unakaa pale ulipouweka. Moto wa nyumba unatembea. Na njia unayopita siyo ile tunayoidhania.

Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba, 2020. Katika wilaya yetu hii ya Kyerwa, kijijini Itera, bweni la Shule ya Msingi Byamungu liliungua watoto wakiwa wamelala. Watoto 10 walipoteza maisha. Wengine waliumia. Sitasema mengi juu ya usiku ule, wala sikuja kutafuta chanzo chake au mtu wa kumlaumu. Lakini siku zile, kila nilipopita, sokoni na barabarani, nilisikia watu wakiulizana swali moja: "Inawezekanaje moto ukaua watu wengi hivyo upesi ndani ya jengo?" Swali hilo lilinikaa kichwani. Nimelisoma, nimeuliza wanaojua, na leo nawaletea nilichokipata.

MAFIGA MATATU

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Moto nao una mafiga matatu. La kwanza ni kitu cha kuungua: kuni, nguo, mafuta, godoro. La pili ni joto la kuanzia, kama njiti ya kibiriti. La tatu ni hewa. Ukiondoa figa moja, moto unakufa.

Hebu tazameni hapa mezani. Huu ni mshumaa unaowaka. Naufunika kwa bilauri. Hesabuni polepole... Umezimika. Mshumaa bado upo na utambi bado upo. Hewa ndiyo iliyokwisha humo ndani.

Sasa nauwasha tena. Ndugu mmoja aje aweke mkono wake kando ya moto, karibu kiasi hiki. Unavumilia? Anavumilia. Sasa uweke juu ya moto, mbali mara mbili ya pale. Umeona! Ameuondoa mwenyewe. Joto la moto linapanda juu. Nendeni jikoni kwenu mkaangalie masizi yako wapi. Yako darini na kwenye bati. Sakafuni hayapo.

Jambo la mwisho la mezani, na hili ndilo kubwa. Naupuliza mshumaa. Umezimika, lakini mnaona uzi wa moshi unapanda. Nawasha njiti, naigusisha kwenye ule moshi, siyo kwenye utambi. Mmeona? Moto umekimbia ndani ya moshi, ukashuka mpaka kwenye utambi, ukawaka. Basi moshi siyo takataka ya moto tu. Moshi ni chakula cha moto ambacho hakijaliwa bado.

Shikeni hilo tafadhali. Tutalihitaji sasa hivi.

DAKIKA ZA KWANZA

Chukueni nyumba ya kawaida hapa kwetu. Kuta za matofali, paa la bati, vyumba vitatu. Chumba kimoja mmelala, kina chandarua na godoro la sponji. Kingine mmeweka magunia ya kahawa ya maganda na maharage. Usiku kibatari kinaanguka karibu na kitanda. Au mshumaa. Au waya wa umeme uliounganishwa ovyo unashika joto. Chandarua kinashika moto.

Dakika ya kwanza moto ni mdogo. Ndoo moja ya maji inatosha, au blanketi lililolowa. Mtu aliye macho anaumaliza. Lakini ukiachwa, joto na moshi vinapanda mpaka kwenye bati. Bati haliungui, wala halipitishi moshi vizuri. Basi moshi unatambaa chini ya bati kila upande. Mmeshaona maji yakimwagika kwenye sakafu ya saruji, yanavyokimbia mpaka ukutani? Moshi unafanya vivyo hivyo, ila ni juu chini. Ukifika ukutani unakosa pa kwenda, unaanza kujaa. Na kujaa kwake ni kutoka juu kushuka chini.

Sasa niambieni. Katika nyumba zetu nyingi, ukuta wa kutenga chumba na chumba unafika wapi? Unafika kwenye bati? Haufiki. Unaishia kwenye mtambaapanya. Pale juu pako wazi. Ndipo panya wanapopita usiku kutoka chumba hiki kwenda kile, na ndiyo maana mti ule umepewa jina hilo. Moshi unapita papo hapo. Umefunga mlango wa chumba cha watoto, umeridhika moyoni, kumbe moshi umepita juu na umekwisha kuwafikia.

Wakati huo huo moto ule wa godoro unaendelea. Wingu la moshi chini ya bati linazidi kupata joto. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Wingu lile linaweza kufika nyuzi 600. Hapo linamwaga joto chini kama jua la saa saba. Mnajua ukikaa mbele ya moto uso unaungua na mgongo una baridi. Hiyo ni miale ya joto, haihitaji kukugusa. Miale ile inashuka juu ya meza, nguo, magunia na godoro la pili lililo mbali. Vitu hivyo vinaanza kufuka moshi vyenyewe, kabla ulimi wa moto haujavigusa.

Halafu, kwa muda mfupi kama wa kupiga makofi machache, chumba kizima kinawaka. Siyo kitu kimoja baada ya kingine. Vyote kwa pamoja, pamoja na ule moshi wa juu, kwa sababu mmekwisha kuona kuwa moshi nao ni chakula. Aliyekuwa bado humo ndani hatoki tena. Hata askari wa zimamoto mwenye mavazi yake yote anaiogopa dakika hiyo.

Je, inachukua muda gani kufika hapo? Watafiti wa moto wa Marekani walitengeneza vyumba viwili vinavyofanana. Kimoja walitia viti na vitambaa vya zamani, vya mbao na pamba. Kingine walitia vitu vya siku hizi, vya sponji na nailoni. Wakavitia moto. Kile cha vitu vya zamani kilichukua karibu nusu saa kabla hakijalipuka chote. Kile cha sponji hakikumaliza dakika 5. Sponji inatengenezwa kwa mafuta yale yale yanayochimbwa ardhini. Kwa hiyo tunapolala juu ya godoro lile, kwa moto ni kama tumelalia mafuta yaliyogandishwa. Sisemi mrudie kulala juu ya majani makavu. Mimi mwenyewe nalalia sponji. Nasema tujue tunacholalia.

"MBONA SISI HATUKUFA?"

Nilipoyasema haya mara ya kwanza, katika kijiji kingine, mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, mimi nimekulia katika msonge wa nyasi. Moto ulikuwa katikati ya nyumba, usiku kucha, na ng'ombe tunalala nao. Mbona sisi hatukufa? Hizi nyumba zenu za kisasa ndizo mbovu?"

Nilikaa kimya kidogo, maana mzee yule alisema jambo la maana. Nikamjibu hivi. Katika msonge moshi ulipita kwenye nyasi ukaenda zake. Haukukusanyika. Vitu vya ndani vilikuwa vyungu, mikeka na ngozi, na havikuwa vingi. Na daima kulikuwa na mtu mzima amelala karibu na moto, usingizi wa sikio moja. Lakini, mzee, nyasi zikishika moto, nani anauzima? Unaruka nyumba hadi nyumba, na upepo ukivuma unachukua mji mzima. Bati limetuondolea hatari ile. Limetuletea nyingine, ya moto kufungiwa ndani pamoja nasi. Mzee akacheka, akasema, "Basi kila nyumba na mchawi wake."

MOSHI NDIO UNAOTANGULIA

Watu wengi wanaokufa ndani ya nyumba inayoungua hawafi kwa kuunguzwa. Wanakufa kwa moshi, na moto unawakuta wamekwisha kufa. Ndani ya moshi mna hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Mtu analegea, magoti yanakataa, akili inapotea. Sponji ikiungua inaongeza sumu nyingine, kali zaidi.

Msitegemee pua. Mtu aliyelala fofofo pua yake nayo imelala. Harufu ya moshi mara nyingi haimwamshi. Sumu hiyo hiyo ndiyo inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Huku kwetu milimani baridi ipo, najua. Toeni jiko nje.

Basi ukiamka ukakuta moshi, usisimame. Hewa nzuri iliyobaki iko chini, karibu na sakafu. Tambaa. Watoto wafundisheni kutambaa mpaka mlangoni wakiwa wamefumba macho, kama mchezo. Watacheka, waacheni wacheke. Ukifika kwenye mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, moto uko upande wa pili, tafuta dirisha. Ukiwa wa baridi, fungua, toka, na uvute mlango nyuma yako. Mlango uliofungwa unaunyima moto hewa.

Na ninyi mnaofika kusaidia, angalieni. Chumba kilichofungwa kinaweza kuwa kimemaliza hewa yake, moto umelala, lakini moshi wa moto sana umejaa na una njaa. Ukiona madirisha yamekuwa meusi, moshi unatoka katika nyufa kisha unavutwa kurudi ndani kama mtu anayepumua, usivunje mlango huo ukasimama mbele yake. Hewa ikiingia ghafula, moto unatoka mlangoni kama mshindo wa baruti.

MLANGO

Sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza.

Mwaka 1994, huko Rombo mkoani Kilimanjaro, wasichana 42 wa Shule ya Sekondari Shauritanga walifariki bweni lao lilipoungua. Mwaka 2009, Idodi mkoani Iringa, wasichana 12. Mwezi Machi 2001, kwa jirani zetu wa Kenya, katika shule ya Kyanguli wilayani Machakos, wavulana 67. Kule Kyanguli watu walimwaga petroli makusudi. Lakini bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mtoto anaona nje, watu wa nje wanamwona, mkono unapita, mwili haupiti.

Msidhani mimi ni mwerevu kuliko wengine. Miaka michache iliyopita mume wangu alikuwa safarini, nami nilikuwa na darasa la jioni. Mtoto wangu mkubwa alikuwa na miaka 9, mdogo miaka 4. Niliwapa chakula, nikawawashia kibatari, nikafunga mlango kwa kufuli la nje, ufunguo nikautia mkobani. Niliogopa wezi, na niliogopa watoto wasije wakatangatanga. Darasa likachelewa. Niliporudi nilisikia harufu ya nguo iliyoungua kabla sijafika uani. Mikono ilitetemeka, ufunguo ukakataa kuingia katika kufuli. Nilikuwa nikilia na kuita majina yao.

Nilipofungua niliwakuta wamekaa sakafuni. Kibatari kilikuwa kimeanguka kwenye ukingo wa godoro. Mkubwa alikuwa amelitia blanketi katika ndoo ya maji ya kunywa akafunika. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna. Ndoo ilikuwa hapa karibu." Ni hivyo tu, ndugu zangu. Ndoo ilikuwa karibu. Siku nyingine ndoo ile hukaa jikoni, na jiko letu liko nje. Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu, nina cheti ukutani, niliwafungia wanangu ndani na moto.

Mama mmoja ananyoosha mkono. Anauliza, "Na wezi je?" Swali zuri, tena ni la haki. Sikuja hapa kuwaambia mlale milango wazi. Mwizi yupo. Lakini kufuli la nje halimzuii mwizi peke yake. Linamzuia na mwenye nyumba. Wekeni komeo la ndani, ambalo mtu wa ndani analifungua bila ufunguo. Kama ni lazima kitasa cha ufunguo, basi ufunguo utundikwe kwenye msumari kando ya mlango, mahali mtoto anapofikia, na mwizi wa dirishani hafikii. Usilale nao chini ya mto. Watoto wadogo msiwafungie peke yao. Waachieni jirani, naye siku nyingine mtamlelea wake.

Na nondo za dirishani? Fundi wa kuchomelea akitengeneza nondo za chumba cha kulala, mwambieni dirisha moja alitie bawaba, lifunguke kwa ndani kwa kuchomoa pini. Atasema ni kazi ya ziada. Mlipeni hiyo kazi ya ziada.

Kwa bweni, sharti ni kali zaidi. Milango iwe miwili, kila mmoja upande wake, ifunguke kwa nje. Watoto wengi wakiukimbilia kwa pamoja mlango unaofunguka kwa ndani, wanausukuma ukajifunga. Usifungwe kwa nje usiku, hata kama mlinzi anaapa kuwa yupo macho na ufunguo anao. Kitanda kisizibe njia. Ninyi ni wazazi, shule hizi ni za watoto wenu. Mkienda kwenye kikao cha shule, kabla ya kuzungumzia michango ombeni kwanza kuonyeshwa bweni.

MACHACHE YALIYOBAKI

Kuhusu mtambaapanya: anayejenga nyumba mpya apandishe ukuta wa chumba cha kulala mpaka kwenye bati, na vile vile ukuta wa ghala. Mwenye nyumba ya zamani azibe pale juu kwa matofali au kwa udongo. Tandabui na panya vitapungua, hiyo ni nyongeza. Maturubai na magunia ya plastiki msiyatumie kuziba, maana hayo ni kumwongezea moto chakula.

Petroli: naona wengi wanauza kwa chupa kwa ajili ya pikipiki, na usiku chupa zinalazwa ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa sakafuni kimya kimya mpaka ukute kibatari kilicho hatua kadhaa mbali. Chupa hazilali ndani ya nyumba ya watu. Mafuta yakishika moto, msiyamwagie maji, yataelea na kusambaa yakiwaka. Tupieni mchanga au udongo, au funikeni kwa gunia lililolowa.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana namba ya simu ya dharura, nayo ni 114. Iandikeni ukutani kwa mkaa, herufi kubwa. Leo mnajua kuandika. Pigeni mara moja, mkiwa mmekwisha kutoka nje. Lakini hesabuni wenyewe barabara zetu hizi, na mkumbuke zile dakika 5. Gari likifika litazuia moto usiende kwa jirani. Walio ndani watakuwa wametolewa na miguu yao wenyewe, au hawakutoka.

Sasa kazi ya nyumbani. Usiku wa leo kila mmoja azime taa, afumbe macho, na atambae kutoka kitandani mpaka nje ya mlango. Ahesabu ni hatua ngapi za magoti, na amejigonga wapi. Aandike katika daftari. Mimi nimefanya: ni 17, na nimejigonga kwenye baiskeli ya mume wangu ambayo tangu jana inalala ukumbini mahali pengine. Wiki ijayo mkija na madaftari tutasoma hesabu zenu hapa, kisha tutakwenda pamoja kuangalia bweni la shule iliyo karibu nasi. Mwalimu mkuu amekubali tuje. Mwenye futikamba aje nayo, tupime upana wa milango.